Desabre apewe sifa zake, lakini nani aulizwe Leopards wanapolala?

Bao la Adil Boulbina lilipoingia katika dakika ya 119 mjini Rabat, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, Leopards walitolewa kwenye Kombe la Afrika na kesi ya kocha Sébastien Desabre ikafunguliwa upya. Wiki saba kabla ya hapo, katika mji huohuo, Mfaransa huyo alikuwa anasifiwa kama mkombozi. Alikuwa ameitoa Cameroon kwa 1-0, bao la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza, na siku tatu baadaye akaitoa Nigeria kwa penati. Algeria ikamgeuza tena kuwa kocha wa kawaida.

Kiambi, kando ya mto Luvua, watu wanabishana juu yake namna moja na Kalemie, Lubumbashi au Bunia, radio moja ikiwa katikati ya watu kumi. Upande mmoja unasema kila kitu ni kazi ya Desabre: aliokota timu iliyokufa, akaipulizia pumzi. Upande wa pili unajibu kwamba mtu yeyote aliyepewa Mbemba, Wissa, Bakambu, Masuaku na Wan-Bissaka angefika alipofika yeye, labda na mbele zaidi. Pande zote mbili zinakosea, ila hazikosei kwa kipimo kimoja.

Kwanza, aliikuta timu katika hali gani? Desabre aliajiriwa mwezi wa nane 2022. Leopards hawakuwa wamecheza Kombe la Afrika lililofanyika Cameroon mwanzoni mwa mwaka huo, kwa sababu walishindwa kufuzu. Mwezi wa tatu, chini ya Héctor Cúper, walitoka 1-1 na Morocco mjini Kinshasa, wakaenda kupigwa 4-1 Casablanca, na ndoto ya Qatar ikaishia hapo. Mwezi wa sita wakaanza safari ya kutafuta Kombe la Afrika lililofuata kwa kupoteza mechi mbili mfululizo, nyumbani dhidi ya Gabon na ugenini dhidi ya Sudan. Mechi mbili, pointi sifuri. Mwaka uliofuata FECOFA yenyewe ikawekwa na FIFA chini ya kamati ya muda. Yaani kocha huyu alifanya kazi yake wakati nyumba iliyomwajiri ilikuwa haina mwenyewe.

Kutoka hapo Leopards walimaliza wa kwanza katika kundi lile lile walilolianza kwa aibu, wakaenda Côte d'Ivoire na kufika nusu fainali. Kwa Kombe la Afrika la 2025 walishinda mechi zao 4 za kwanza za kufuzu bila kufungwa hata bao moja. Ile ya nne ilikuwa Dar es Salaam, ambapo Meschack Elia alifunga mawili katika dakika za mwisho na kuwanyamazisha Watanzania kwenye uwanja wao. Wachezaji wengi wa timu hii walikuwepo tayari wakati wa Cúper. Mbemba na Bakambu walikuwa wanavaa jezi ya Kongo tangu zamani. Anayesema mtu yeyote angefaulu na wachezaji hawa, kwanza aeleze kwa nini waliotangulia hawakufaulu nao.

Lakini bahati nayo ilikuwa uwanjani, na haifai kufichwa. Katika Kombe la Afrika la Côte d'Ivoire, ambalo ndilo linatajwa kama ushahidi mkubwa wa ufufuo, Leopards walicheza mechi 7 na kushinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya robo fainali dhidi ya Guinea, 3-1. Katika kundi walitoka sare mara tatu, na Zambia, Morocco na Tanzania. Misri waliitoa kwa penati 8-7, kipa wa Misri akiwa amegonga mwamba na kipa Lionel Mpasi akafunga ya mwisho. Côte d'Ivoire iliwafunga 1-0, na mechi ya kutafuta nafasi ya tatu ikapotea kwa penati mbele ya Afrika Kusini. Kama mpira wa yule Mmisri ungepita chini ya mwamba kwa kipimo cha kidole kimoja, huenda leo hakuna mtu angetumia neno ufufuo.

Yapo pia makosa ambayo ni ya kocha mwenyewe. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, Kinshasa, timu iliongoza 2-0 mbele ya Senegal. Ilikuwa na tiketi ya Kombe la Dunia karibu mkononi. Ikapoteza 3-2. Timu inayoongoza kwa mabao mawili nyumbani na kuishia mikono mitupu haikupoteza kwa sababu ya vita wala kwa sababu ya FECOFA. Hapo kocha alilala, na usiku ule ulimgharimu mkaaji wa Kongo miezi sita ya kungoja.

Sasa ile penati ya Nigeria. Mwezi wa kumi na moja, matokeo yakiwa 1-1 na dakika za nyongeza zikielekea kwisha, Desabre alimtoa Mpasi, kipa yuleyule aliyefunga penati iliyoitoa Misri, akamwingiza Timothy Fayulu. Mtu anaweza kufikiri ni uamuzi mdogo. Si mdogo. Kumtoa shujaa wa mwaka juzi mbele ya nchi nzima, dakika chache kabla ya penati, ni kuweka kichwa chako mwenyewe kwenye meza. Fayulu alizuia, Kongo ikashinda 4-3, na Mbemba ndiye aliyefunga ya mwisho. Hakuna mchezaji aliyefanya uamuzi ule, wala waziri, wala shabiki. Ule ni wa kocha peke yake, na sifa yake ni yake peke yake.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1974 watatabasamu kidogo hapa. Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyeipa Zaire Kombe la Afrika mjini Cairo mwezi wa tatu mwaka huo, alifanya uamuzi unaofanana na huo miezi mitatu baadaye, Ujerumani. Zaire ilikuwa imeshafungwa 3-0 na Yugoslavia mapema tu, akamtoa kipa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Mechi iliisha 9-0, na kwa kuwa wapinzani walikuwa watu wa nchi yake, wapo waliomshuku kwamba aliwauza wachezaji wake. Kocha yuleyule, mwaka uleule: mwezi wa tatu shujaa, mwezi wa sita msaliti. Kipa anabadilishwa, matokeo yanageuka dawa au sumu, na hukumu inafuata matokeo bila kuangalia kilichofikiriwa.

Jina la Elia linasaidia kuona upande mwingine wa hesabu. Ndiye aliyesawazisha dhidi ya Nigeria. Lakini Elia hakugunduliwa na Desabre. Kijana huyo wa Kinshasa alipita TP Mazembe, na miaka karibu 10 kabla, mwezi wa pili 2016 mjini Kigali, alifunga mabao mawili katika fainali ya CHAN ambayo Kongo iliishinda Mali 3-0. Kocha siku ile alikuwa Florent Ibenge. Mwaka mmoja kabla, Ibenge huyohuyo alikuwa ameipeleka Kongo nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika la 2015. Na siku hizo pia watu walisema Leopards wamefufuka. Walisema vilevile mwaka 1998, Louis Watunda alipoleta nafasi ya tatu kutoka Burkina Faso.

Yaani timu hii imefufuka mara tatu ndani ya miaka isiyofika 30. Mtu anayefufuka mara tatu, lazima kuna mahali amekufa mara tatu. Ufufuo una baba wengi. Kifo hakina hata mjomba. Hakuna anayejitokeza kusema kwamba ni yeye aliyeiacha timu ilale baada ya 1998, au baada ya Ibenge kuondoka 2019.

Desabre mwenyewe ana historia inayofundisha jambo hilo, na iko hapa jirani, Uganda. Alichukua Cranes mwishoni mwa 2017. Tarehe 22 mwezi wa sita 2019, mjini Cairo, aliifunga Kongo ya Ibenge 2-0 kwa mabao ya Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Wengi wamesahau kwamba mtu anayeshangiliwa leo aliwahi kuwaliza Wakongo. Uganda ikavuka kundi kwa mara ya kwanza tangu 1978. Akaondoka mwaka huohuo, na Uganda ikakosa Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, hadi iliporudi 2025 na kocha mwingine. Hapo pande zote mbili za ubishi zinaweza kushika kitu. Anayemsifu atasema: mnaona, alipokuwepo timu ilisimama, alipotoka ikaanguka. Na hajadanganya. Lakini kabla yake kulikuwa na Micho Sredojević, Mserbia aliyeirudisha Uganda kwenye Kombe la Afrika mwaka 2017 baada ya miaka 39. Desabre alikuta nyumba imeshaezekwa, akaipaka rangi vizuri, akaenda zake. Mvua iliponyesha hakuwepo tena.

Kazi yake ni hiyo, na anaijua: kupanga, kutuliza, kufunga milango ya nyuma, kuchagua watu na kuwafanya wakubali nafasi zao. Timu zake hazifungwi ovyo. Kwa Kongo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na washambuliaji wa kutisha na mabeki wa kusali, hilo peke yake ni mapinduzi. Tena mechi za Cameroon na Nigeria alizishinda bila Yoane Wissa, aliyekuwa ameumia.

Kinyume cha hadithi ya Leopards kinajulikana na kila mtu aliyekulia katika Katanga ya zamani, hata yule anayeshangilia Lupopo na hataki kulitaja jina lile. TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, 2010 na 2015, halafu Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Vikombe vitano, na makocha watano: Diego Garzitto, Lamine N'Diaye, Patrice Carteron, Hubert Velud, kisha Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumbani aliyekuwa amechezea klabu hiyo mwenyewe. Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe nao wakawa mabingwa wa Afrika, chini ya Lamia Boumehdi kutoka Morocco. Kila mmoja wa makocha hao alistahili mshahara wake. Lakini kocha anapobadilika mara tano na kikombe kinaendelea kuja, akili inasema sifa kubwa iko kwenye nyumba: uwanja wake mwenyewe Kamalondo, shule ya watoto wadogo, mishahara inayolipwa, na Moïse Katumbi ambaye yuko kwenye kiti cha rais wa klabu tangu 1997. Mtu anaweza kupenda siasa yake au kuichukia. Hesabu ya vikombe haibadiliki.

Leopards hawana nyumba ya namna hiyo. Ndiyo maana kila kocha mzuri anaonekana kama mfanya miujiza, na kila anapoondoka kunaonekana kama msiba.

Kuna watu wengine wanaostahili kipande cha sifa hizi na ambao majina yao hayasomwi kwenye radio. Mpasi alizaliwa Ufaransa. Masuaku vilevile, na Wissa, na Bakambu. Wan-Bissaka ni mtoto wa London. Noah Sadiki alizaliwa Brussels. Hao walifundishwa mpira katika viwanja vya manispaa za Ulaya, kwa kodi za Wafaransa, Wabelgiji na Waingereza, na waliletwa kwenye jezi ya Kongo na wazazi waliokataa lugha na jina la nyumbani vipotee. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akaondoka akiwa mtoto, akakulia Uingereza na kucheza Manchester United. Desabre na watu wake walizungumza naye mpaka akakubali, na hilo wapewe. Ila mtoto wa Ituri alipaswa kuvuka bahari ili baadaye aonekane na timu ya nchi yake, na swali la kwa nini haliwezi kujibiwa na kocha.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno ya mpira tu, na vita ikiwa Kivu kuna mambo mazito zaidi ya kuandika. Ni kweli yapo. Lakini tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kabla ya nusu fainali mjini Abidjan, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole vya mkono wa pili kwenye kichwa mithili ya bunduki. Dunia nzima ilikuwa inaangalia. Kwa mkaaji wa Goma, Beni au Bunia, dakika ile ilisema zaidi kuliko mikutano mingi. Timu inayoweza kufanya hivyo inabidi ibaki juu, kwa sababu timu iliyotolewa mapema haina kamera mbele yake. Kwa hiyo swali la nani ameishikilia timu hii, na nani ataishikilia kesho, si la kupitishia jioni tu.

Na hapo ndipo upande unaompa Desabre kila kitu unapokosea zaidi kuliko ule unaomnyima. Anayemnyima anamkosea mtu mmoja, ambaye analipwa vizuri na atapata kazi kwingine. Anayempa yote anawapa likizo wengine wote: shirikisho, wizara ya michezo, jimbo. Ikiwa kocha mmoja kutoka Ufaransa anatosha kufufua mpira wa nchi ya watu zaidi ya milioni 100, basi kuna haja gani ya kujenga uwanja Manono? Kuna haja gani ya kumfundisha kocha wa watoto Kalemie?

Kiambi inaonyesha swali hilo waziwazi. Mashua zinazopanda Luvua kutoka Ankoro zinaishia hapo. Juu zaidi mto una maporomoko. Ni mahali ambapo safari zinakatika. Katika vituo vya namna hiyo vya Tanganyika, anayefundisha watoto mpira mara nyingi ni mwalimu wa shule au kijana wa parokia, bila cheti, bila mshahara wa kazi hiyo, mwenye mpira mmoja ulioshonwa mara kadhaa. Katika miaka ya vita kati ya Watwa na Waluba, wazazi wengi wa jimbo hili walikuwa wanakimbia na watoto mgongoni. Kumkusanya mtoto wa upande huu na wa upande ule kwenye kiwanja kimoja cha udongo, na wakacheza mpaka jua linazama bila kutukanana, ni kazi ya kocha pia. Haina jina katika orodha yoyote ya FECOFA. Mtoto mwenye kipaji anayetokea hapo hana njia ya kufika Lubumbashi isipokuwa mjomba mwenye moyo na pesa ya lori.

Desabre hakuajiriwa kushughulikia hilo, na kumlaumu kwa hilo ni kumwonea. Mkataba wake ni matokeo ya timu ya wakubwa. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye haki atampa alama nzuri: nafasi ya nne Afrika mwaka 2024, Cameroon na Nigeria nje, Senegal ikazuiwa 1-1 katika kundi la Kombe la Afrika la Morocco. Kutolewa na Algeria kwa bao la dakika ya 119 hakufuti chochote kati ya hayo, kama vile penati ya Mpasi haikuficha sare zote zilizotangulia. Anayetaka afukuzwe kwa sababu ya Boulbina anasoma ukurasa wa mwisho tu wa kitabu.

Mwezi wa tatu 2026 Leopards walipangiwa Guadalajara, Mexico, kwa mechi moja dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Ushindi hapo ulimaanisha kuingia kundi la Ureno, Colombia na Uzbekistan, na Kongo kuwa kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu ile ya Vidinić, miaka 52 kabla. Timu ikishinda, wanasiasa hupanda ndege, huomba picha na kocha, na katika picha hizo kila mmoja huwa baba wa ufufuo.

Ingefaa mmoja wao aulizwe pale pale, kabla kamera hazijazimwa, ni makocha wangapi wa watoto wenye cheti walioko katika jimbo la Tanganyika, na nani anawalipa. Zaire pia iliwahi kupanda ndege. Ilitoka kwenye Kombe la Dunia 1974, ikacheza Kombe la Afrika 1976, kisha haikuonekana tena humo hadi 1988. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo bado haijavunjwa, alifia uhamishoni Afrika Kusini mwaka 2019, maskini.

Mtoto wa Kiambi mwenye miaka 10 leo atakuwa na miaka 18 mwaka 2034. Desabre ameshapita ASEC, Coton Sport, Espérance, Wydad, Ismaily, Pyramids, Niort na Uganda kabla ya kufika Kinshasa. Mwaka huo, kama bado anafundisha, huenda atakuwa kwenye benchi la timu nyingine, na pengine siku hiyo itakuwa inacheza na Kongo.